Kununua Mazda CX-5 ya Mkono wa Pili Mombasa: Safari Zako Zichague Injini

Kabla ya kuuliza bei ya CX-5, jiulize gari hilo litakwenda wapi kila siku. Anayetoka Bamburi asubuhi kwenda kazini Moi Avenue na kurudi jioni, na anayekwenda Voi mara mbili kwa wiki, hawahitaji injini moja, hata kama magari yao yatafanana kwa umbo, rangi na mwaka. Nimeuandika mwongozo huu kwa sababu sisi wa Mombasa tuna bahati ya kuyaona magari haya yakiteremka melini kabla ya mtu wa bara, na bado watu wetu wanauziwa dizeli wasiyoihitaji, au gari lililoliwa na kutu chini huku juu likimeremeta.

Gari hili lilikotoka

Magari ya namna hii, madogo kuliko Prado lakini yaliyoinuka kuliko saluni, hayana umri mkubwa. Toyota ilitoa RAV4 mwaka 1994, Honda ikafuata na CR-V mwaka 1995, Subaru ikaleta Forester 1997, na Nissan ikaja na X-Trail mwaka 2000. Wazo lao lilikuwa moja: bodi ya gari dogo la kawaida, isiyokaa juu ya chasisi nzito ya vyuma viwili kama Land Cruiser, ila imenyanyuliwa juu na kupewa buti kubwa. Ndiyo maana huendeshwa kwa wepesi na hayali mafuta kama jipi la kweli. Na ndiyo maana pia si gari la kuvutia jahazi ufukweni.

Mazda ilianza kwa kuegemea wengine. Tribute yake ya mwaka 2000 ilikuwa pacha wa Ford Escape. Ford ilipoanza kuuza hisa zake za Mazda mwaka 2008, kampuni ya Hiroshima ilibaki kujitafutia njia, na ikaunda upya karibu kila kitu: injini, gia boksi, bodi na sehemu za chini, vyote kwa jina la Skyactiv. CX-5 ya 2012 ndiyo ya kwanza kuvibeba vyote kwa pamoja, na ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani la 2012–2013.

Kizazi hicho cha kwanza mafundi hukiita KE, kwa herufi za mwanzo za namba ya chasisi. Kiliuzwa Japani toka 2012 hadi 2016, na mwanzoni mwa 2015 kilifanyiwa marekebisho: taa mpya, breki ya mkono ya kubonyeza, na skrini mpya katikati ya dashibodi. Kizazi cha pili, KF, kiliingia sokoni Februari 2017. Hakikubadilika sana kwa vipimo, kwani urefu ni mita 4.54 kwa vyote viwili na upana mita 1.84, lakini ndani pametulia zaidi na mngurumo wa barabara umepungua. Kizazi cha tatu kilizinduliwa Ulaya Julai 2025, kwa hiyo kwenye yadi zetu bado.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wachache hulieleza. RAV4 ya kizazi cha nne haikuuzwa Japani kabisa. Wajapani waliendelea na kizazi cha tatu mpaka 2016, kisha jina likatoweka sokoni kwao mpaka Aprili 2019. CR-V nayo iliondoka 2016 ikarudi 2018. Kenya hununua magari mengi kutoka Japani, na sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mtu aliyetaka gari la ukubwa huu la 2017 au 2018 hakuikuta RAV4 ya Japani mnadani. Aliikuta CX-5, X-Trail na Forester. Nasadiki pengo hilo limeisaidia Mazda hapa kwetu kuliko tangazo lolote. Sasa RAV4 za 2019 zinashuka Kilindini, CX-5 imepata mpinzani, na kwa mnunuzi hiyo ni nafasi ya kupatana bei.

Hatua ya 1: La meli au lililokwisha tembea Kenya?

Kwa mwaka 2026, gari la kuagizwa lazima liwe limesajiliwa kwa mara ya kwanza kuanzia 2019. Maana yake ni kwamba KE yoyote utakayoonyeshwa leo imekwisha kukaa Kenya, hata mwenye yadi akisema imeshuka juzi. Ukitaka la meli, unazungumzia KF.

Usisome umri wa gari kwenye namba za usajili. KD hii au ile hukueleza lini gari liliandikishwa Kenya, si lini lilitoka kiwandani. Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye logbuku.

Ukiagiza mwenyewe, piga hesabu ya ushuru kabla ya kupenda picha. Tuchukue mfano mwepesi: KRA wamelithamini gari kwa shilingi 1,000,000. Ushuru wa kuingiza bidhaa ni asilimia 35, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi sisi 1,500 ni asilimia 25, lakini unapigwa juu ya jumla ya 1,350,000, kwa hiyo ni 337,500. VAT ya asilimia 16 nayo inapigwa juu ya vyote hivyo: 270,000. Ongeza ada ya tamko la uagizaji na ya reli, asilimia 2.5 na 2 za ile thamani ya kwanza, yaani 45,000. Jumla ni 1,002,500. Serikali inachukua kama lilivyothaminiwa gari lenyewe, na bado hujalipa gharama za bandari wala ajenti wa forodha. Viwango hivi huguswa mara kwa mara na sheria ya fedha, basi mwombe ajenti akuandikie hesabu ya wiki hiyohiyo. Na ujue kwamba thamani wanayoitumia KRA inatoka kwenye orodha yao ya bei za magari mapya, ikapunguzwa kwa umri. Haitoki kwenye risiti yako ya Japani. Ukinunua kwa bei nafuu mnadani, ushuru haupungui.

Kwa lililotembea Kenya, ushuru ulikwisha lipwa na mtu mwingine, na bei inaweza kuwa na afueni kubwa. Lakini hapo unanunua pia matuta aliyoyaruka, mafuta aliyoyatia na fundi aliyemwamini. Mimi, kwa bajeti ya kadiri, ningechukua KE ya 2015 au 2016 yenye mmiliki mmoja na vitabu vya sevisi, kabla ya KF ya bei ya chini isiyo na historia.

Hatua ya 2: Injini

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Utakazozikuta zaidi ni tatu. Petroli ya lita 2.0 yenye nguvu farasi 155 hivi. Petroli ya lita 2.5, farasi 188 hivi, iliyoongezwa mwaka 2013. Na dizeli ya lita 2.2 yenye turbo, farasi 175 kwenye KE, ikapandishwa hadi 190 kwenye KF za mwaka 2018. Zote tatu zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na karibu zote zinakuja na gia boksi ya otomatiki ya gia sita za kawaida. Hiyo ni faida ya kweli: si ile CVT ya mkanda wa chuma iliyo kwenye X-Trail, ambayo mafundi wetu wengi bado wanaiogopa.

Dizeli ndiyo inayotia watu wazimu. Ina msukumo mara mbili ya petroli ya 2.0, na kwenye karatasi za Japani KE ya magurudumu mawili ilipimwa kilomita 18.6 kwa lita, dhidi ya 16 za petroli. Ukiikanyaga kutoka Mazeras kupanda kuelekea Mariakani utaelewa kwa nini watu huisifu.

Sasa sikiliza inavyofanya kazi. Moshi wa dizeli hupita kwenye filta inayokamata masizi, ambayo mafundi huiita DPF. Filta ikijaa, kompyuta ya gari huitafutia joto la kuyachoma: inanyunyiza dizeli ya ziada ili bomba la moshi lifike karibu nyuzi 600. Kazi hiyo inataka mwendo wa kutulia kwa muda, barabara iliyo wazi. Mwenye gari akizima njiani, kazi inakatika. Kesho inaanza tena, inakatika tena. Ile dizeli ya ziada haiungui yote. Nyingine huteremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Oili inazidi wingi na kupoteza uzito wake. Turbo, inayozunguka kwa kasi kubwa ikitegemea oili hiyohiyo, ndiyo inayoumia.

Weka picha hiyo kando ya maisha ya Mombasa. Kutoka Nyali hadi mjini ni kilomita chache, nusu yake uko kwenye foleni ya daraja. Kutoka Likoni unakaa kwenye foleni ya feri injini ikinguruma kwa ajili ya AC. Filta haipati nafasi ya kujisafisha hata siku moja. Na mafuta yenyewe: dizeli ya Japani ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, huku kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kikiruhusu 50. Injini hii ilisanifiwa kwa yale ya 10.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama maisha yako ni kisiwani, Nyali, Bamburi, Changamwe na safari ya Nairobi wakati wa likizo, chukua petroli ya 2.0 na usitazame nyuma. Kama hubeba familia nzima kwenda Taita kila mara, tafuta 2.5. Dizeli mwachie anayekwenda Voi, Malindi au Nairobi kila wiki, na ambaye yuko tayari kubadilisha oili mapema, kwa oili ya majivu machache iliyotengenezwa kwa dizeli zenye DPF, si ile ya lori iliyo kwenye pipa la gereji.

Ukiamua dizeli, haya yasipuuzwe. Gari likiwa baridi, mahali pa tambarare, vuta kijiti cha kupimia oili. Juu ya alama ya kujaa utaona alama ya X. Oili ikikaribia hapo, au ikinuka dizeli, ujue filta imekuwa ikikatizwa. Fungua kifuniko cha kutilia oili utazame ndani kwa tochi. Oili ya dizeli huwa nyeusi, hilo halina neno, lakini ukikuta makombo magumu ya masizi yameganda, ondoka. Kwenye dizeli za miaka ya mwanzo, 2012 hadi 2014, washa za chini ya injekta zilikuwa zikivuja, masizi yakaingia kwenye oili na kuziba chujio linaloivuta kutoka sampo. Turbo nyingi zilikufa kwa njia hiyo. Kisha mwambie fundi wa kompyuta akusomee gari limejaribu kusafisha filta mara ngapi na kwa umbali gani kati ya mara moja na nyingine. Zikikaribiana sana, filta imechoka.

Na kuna hili la kutoboa. Fundi atakwambia, "Hiyo filta tunaitoa tu, bosi, gari linapumua." Ninalipinga waziwazi. Gari lililotolewa filta linamwagia masizi watoto wanaotembea kwenda shule kandokando ya barabara, na kompyuta yake imedanganywa kwa programu asiyejua mtu iliandikwa na nani. Angalia ncha ya bomba la moshi: kwenye dizeli yenye filta nzima, kidole hutoka karibu kisafi. Kikitoka cheusi, jibu umelipata.

Petroli ina shida chache. Kwa kuwa mafuta hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, vali za kuingizia hewa hushika kaboni baada ya miaka. Sikiliza injini ikiwa imesimama: isitetemeke wala kupandisha na kushusha mwendo. Chungulia pampu ya maji kama kuna alama za uvujaji zilizokauka. Zaidi ya hayo, ni injini ya kuaminika.

Hatua ya 3: Soma namba ya chasisi na karatasi ya mnada

Namba ya chasisi haiwezi kupakwa maneno. Kwenye KE, KEEFW na KEEAW ni 2.0, KE5FW na KE5AW ni 2.5, KE2FW na KE2AW ni dizeli. F ni magurudumu mawili, A ni manne. Kwenye KF, KFEP ni 2.0, KF5P ni 2.5, KF2P ni dizeli. Kwa Mombasa magurudumu mawili yanatosha kabisa. Yale manne ni uzito na mafuta ya bure, isipokuwa kama shamba lako liko ndani Kinango na mvua za masika hukukuta huko.

Kwa gari la meli, omba karatasi ya mnada, ile halisi yenye Kijapani. Gredi 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 inafaa ukijua kasoro zake, na R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipopigwa bodi na kupakwa rangi. Wewe wa pwani tafuta zaidi S na C, ambazo ni kutu na kuliwa kwa chuma. Linganisha kilomita za kwenye karatasi na za kwenye dashibodi. Mwenye yadi akisema karatasi imepotea, mpe namba ya chasisi mtu anayeweza kuitafuta rekodi hiyo Japani. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na unachonunua.

Hatua ya 4: Lala chini ya gari

Kutu ndiyo adui wetu mkubwa, na hutoka pande mbili. Kaskazini mwa Japani, Hokkaido na Tohoku, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari lililoishi huko hufika Kilindini likiwa limekwisha anza kuliwa. Kisha linakuja hapa, hewa ya bahari inamalizia. Lililolala miaka mitatu Shanzu au Diani, mita chache kutoka ufukweni, halilingani na lililolala Mikindani.

Usikubali kulitazama kwa kuchuchumaa tu. Lipeleke penye shimo au rampu, na tochi kali. Tazama fremu ya nyuma inayoshika mikono ya magurudumu, mishono ya welding, mabomba membamba ya breki, viungo vya ekzosi, na midomo ya chini ya milango na ya buti. Kutu ya juu juu ya rangi ya chungwa kwenye ekzosi ni kawaida. Inayobanduka kwa magamba, au inayotoa sauti ya chuma chembamba ukiigonga kwa mpini wa bisibisi, siyo.

Rangi nyeusi mbichi chini ya gari zima inastahili swali. Muuzaji huwa tayari:

"Tumelipiga lami lisishike kutu, mama."

"Ahsante, ami. Basi nionyeshe lile ambalo bado hamjalipiga."

Jibu hilo halimvunjii mtu heshima, na linamweleza kwamba unajua. Lami hupakwa juu ya chuma kisafi. Ikipakwa juu ya kutu, inaufungia unyevu ndani na kuiharakisha.

Nyanyua pia zulia la buti na la miguuni. Mombasa hufurika Aprili na Mei, na magari hufunikwa maji kwenye maegesho. Harufu ya ukungu, tope kwenye reli za viti, kutu kwenye skrubu za ndani, hayo hayatoki kwa kuosha. Gari hili lina nyaya na sensa nyingi mno za kuharibiwa na maji. Lililozama alichukue yeyote, asiwe wewe.

Rangi ile nyekundu ya Mazda watu wanaipenda, nami naipenda. Lakini ni ya tabaka zinazopitisha mwanga, na mafundi wachache mno huweza kuifananisha. Kwa mnunuzi hilo linasaidia: gari jekundu lililogongwa hujisema lenyewe. Litazame saa tatu asubuhi juani, mlango kwa mlango. Fenda moja ikiwa na wekundu tofauti, kuna historia.

Hatua ya 5: Ndani

AC ijaribiwe saa nane mchana, gari likiwa limekaa juani, na wewe keti kiti cha nyuma. KE haina matundu ya AC nyuma, kwa hiyo baridi ya mbele lazima iwe na nguvu ya kufika. Ikichukua zaidi ya dakika kumi, mwambie fundi atazame kondensa, ambayo hapa pwani huoza kabla ya kompresa.

Betri ya gari hili si ya kawaida. Mfumo unaozima injini kwenye foleni na kuiwasha tena unataka betri maalumu, aina ya Q-85 kwa petroli na T-110 kwa dizeli. Wengi hukuta imewekwa ya bei rahisi, na mfumo haufanyi kazi. Si sababu ya kuliacha gari, ni sababu ya kupunguziwa. Redio nayo huja na masafa ya Japani na skrini ya Kijapani. Muuzaji aibadilishe kabla hujalipa, kwa sababu baada ya hapo simu yako haitapokewa haraka.

Viti vya kitambaa ni bora kwa joto letu kuliko ngozi nyeusi. Wengine watabisha.

Hatua ya 6: Liendeshe kweli

Kuzunguka yadi si majaribio. Omba muda wa kutosha, mwenye gari awe pembeni yako. Anza na foleni, Buxton hadi Daraja la Nyali, ukisikiliza gia ya kwanza na ya pili: zisishtue. Kisha toka upande wa Miritini, shika Dongo Kundu, ufike barabara ya Lunga Lunga, uelekee Kombani na upande mlima wa Kwale AC ikiwa imewashwa. Mlima ule hukueleza mengi kuliko maneno ya dalali. Gari lisipoteze nguvu, gia isisite, taa ya joto isiwake. Ukishuka, achia usukani kidogo mahali palipo salama uone kama linavuta upande. Kwenye matuta sikiliza bushi na shokamzoba, hasa za mbele.

Tazama rimu. CX-5 huja na tairi za 225/65R17 au 225/55R19. Za 17 zina ukuta wa milimita 146, za 19 ni milimita 124 tu. Za 19 zinapendeza, lakini kwa mashimo ya Jomvu milimita hizo 22 ni tofauti ya kufika na kusimama njiani. Tairi zake pia ni ghali.

Hatua ya 7: Makaratasi na pesa

Tafuta rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen, wewe mwenyewe, si kwa picha aliyokutumia muuzaji kwenye WhatsApp. Jina liwe la anayekuuzia, na kama jina la benki au la mkopeshaji limo, mkopo haujaisha. Usitoe hata senti mpaka liondolewe. Linganisha namba ya chasisi na ya injini kwenye logbuku na kwenye chuma. Andikianeni mkataba mbele ya wakili, lipa kupitia benki, na uhamisho wa umiliki uanzishwe na muuzaji kwenye akaunti yake mkiwa mmekaa pamoja. "Nitakuhamishia kesho, inshallah" isipokewe kwenye jambo hili. Gari la jina la mtu mwingine likigonga, wa kwanza kutafutwa ni aliye kwenye rekodi, na ugomvi unaanzia hapo.

Wiki ya kwanza

Badilisha oili ya injini na filta hata kama umeambiwa imebadilishwa: 0W-20 kwa petroli. Ya gia boksi iwe ile ya Mazda FZ, isichanganywe na nyingine. Peleka gari lioshwe chini kwa maji baridi yasiyo ya kisima chenye chumvi, kisha rudia kila mwezi. Kwa anayevuka feri, kila wiki mbili. Spea za kawaida, kama bushi, breki na filta, zinapatikana mjini, na za nadra hutumwa kutoka Kirinyaga Road Nairobi kwa basi la usiku zikafika asubuhi.

Mwisho, fungua sakafu ya buti. CX-5 nyingi za Japani hazina tairi la spea, zina mtungi wa gundi na pampu ndogo, na gundi hiyo mara nyingi imepitwa na wakati. Haizibi tairi lililopasuka ubavuni. Nunua tairi la spea, jeki na spana yake kabla hujavuka Mariakani.